Taka za Nairobi: "Ni Tabia Yako" Si Jibu Kamili

Kila mvua kubwa ikinyesha, mitaro ikaziba na maji yakaingia nyumba za Mukuru na Mathare, utasikia kauli ileile: watu wa Nairobi ni wachafu. Ukweli upo. Anayerusha chupa kupitia dirisha la matatu hana utetezi. Ila kauli hiyo hukomea pale maswali mazito yanapoanza.

Chukua sabuni ya unga. Anayelipwa kwa siku hununua pakiti ya bei ya chini kabisa katika duka la mtaa kwa sababu pesa za mfuko wa kilo hana. Huo ndio uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupikia na majani chai huuzwa vivyo hivyo. Pakiti nyingi za aina hiyo ni matabaka membamba yaliyogandishwa pamoja, ya plastiki tofauti na wakati mwingine alumini, na kuyabandua ili yatumike upya ni kazi isiyolipa. Waokota taka wa jaa la Dandora huchukua chupa, mitungi, vyuma na katoni. Pakiti huziacha, maana hazina mnunuzi. Aliyeamua iwe hivyo si mama aliyefua. Uamuzi ulipitishwa kiwandani. Kumhimiza mama huyo achague bidhaa zisizochafua mazingira ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kutenganisha taka nyumbani ni ushauri mzuri, nasi tunautoa. Lakini ukiweka maganda ya viazi kando na chupa kando, kisha lori moja likavichanganya vyote hadi Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya 1970, jasho lako limekwenda bure. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inakutaka utenganishe, na inambebesha mzalishaji pia wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. (Sehemu ya kwanza ndiyo hupigiwa debe.)

Kumtwika mnunuzi mzigo wote si jambo la jana. Huko Marekani, shirika la Keep America Beautiful lililoanzishwa mwaka 1953 kwa msaada wa makampuni ya vinywaji na vifungashio lilihubiri sana kuhusu mtu anayetupa taka, na kidogo mno kuhusu anayezitengeneza.

Wapo nao wanaosema Kenya huchangia chini ya asilimia 1 ya gesijoto duniani, hivyo juhudi zetu ni bure. Hesabu ni sahihi. Hata hivyo, moshi wa taka zinazoungua Dandora huvutwa na watoto wa mtaa jirani wa Korogocho.

Kilichofanya kazi tunakijua. Wanunuzi waliombwa kwa miaka waachane na mifuko ya plastiki, wakaendelea nayo. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, na madukani mifuko ile ikatoweka. Ya magendo ingali inapenya, lakini hakuna aliyesubiri mioyo ya wanunuzi ibadilike kwanza.

Wajibu wa mtu binafsi haufutiki. Kifungu cha 69 cha Katiba kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali kuhifadhi mazingira. Cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki ya mazingira safi ikikiukwa, bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Na mwisho wa mwezi, kabla hujamlipa mzoaji taka, muulize anazipeleka wapi na kama ana leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.