Jalada la kwanza la filamu: anzia mwaloni, si angani

Msimu wa udahili ukikaribia, vijana wa Mwanza hutuletea majalada yao, yaani mikusanyo ya kazi zao, kwenye flashi tuzitazame kabla hawajaomba nafasi ya chuo au ya uanagenzi studio. Nyingi zinafanana: Jiwe la Bismarck jua likizama, droni juu ya Capri Point, harusi iliyopunguzwa mwendo, na wimbo unaovuma juu yake. Picha zinapendeza, ila hazisemi lolote kuhusu aliyezipiga. Anayepitia maombi anataka kujua jicho lako linatua wapi, na kwa nini.

Vyuo vyetu vingi hutazama kwanza matokeo ya mtihani. Sampuli za kazi huulizwa zaidi na vyuo vya nje na studio. Soma tangazo vizuri, maana kila mahali wana idadi na urefu wanaoutaka. Hata usipoulizwa, andaa.

Chukua mama anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe, ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotua. Wavuvi wa dagaa huenda na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipevuka hupumzika, kwa hiyo ratiba yako ya kupiga picha utaipanga kwa mwezi. Dagaa wametandazwa, jua linawaka, mara wingu linatanda upande wa ziwa. Wataanuliwa kabla mvua haijafika? Hiyo tayari ni filamu ya dakika tatu. Piga mikono, uso, wingu, kisha eneo zima. Simu ilale, isisimamishwe. Muombe ruhusa kwanza, umweleze picha zinakwenda wapi, na ukimaliza rudi umwonyeshe.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi, na inauma kwa sababu dawa yake ni rahisi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukweni, na ukigonga maiki ya simu unasikika kama ngurumo. Mhoji mtu asubuhi mapema kungali shwari. Tumia simu ya pili kurekodi sauti, iwe karibu na kifua chake, maiki ikiwa imefunikwa kwa sponji. Piga makofi mara moja mbele ya kamera. Mlio huo utakusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Kisha nyamazeni nyote, rekodi dakika nzima ya mahali penyewe: mawimbi, kunguru, injini ya mtumbwi. Utaifukia nayo mianya yote ya uhariri.

Mwanga: saa saba mchana jua la utosini hutia kivuli machoni mwa unayempiga picha. Mpeleke chini ya mwembe. Jioni uwe umeshajipanga mapema, kwa kuwa huku karibu na Ikweta jua likishazama giza halichelewi.

Muziki wa watu usiuchukue hivi hivi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na mwenye wimbo ana haki yake hata kama wewe ni mwanafunzi. Kuna vikundi vya ngoma za Kisukuma huku kwetu. Waombe, mkubaliane kwa maandishi.

Kazi mbili au tatu zinatosha, iliyo bora ikitangulia. Ambatisha ukurasa wa muswada na michoro yako ya shoti, hata ya penseli, kwani hapo ndipo fikra zako zinapoonekana. Andika wazi ulichofanya kwa mkono wako: kama mwenzako ndiye aliyehariri, mtaje. Kwenye usaili utaulizwa kwa nini ulikata pale na si pengine, na jibu la kuazima halifiki mbali.

Kabla ya kutuma, fungua kiungo cha video kwenye simu ya mtu mwingine. Kikidai nywila, rekebisha.