Je, wajua: ni kungumanga inayokuotesha, au ni daku?

Kwetu Wete, kisiwani Pemba, Ramadhani haipiti bila ya mtu mmoja nyumbani kuamka na ndoto ya kusimulia. Siyo ile ya kuota umekwenda sokoni ukasahau kikapu. Ni ndoto ndefu yenye rangi na harufu, marehemu wa zamani wamekaa barazani wanacheka, na muotaji anaisimulia kama aliyeshuka melini sasa hivi. Mwaka mmoja shangazi yangu aliota anaruka kwa mikono juu ya bahari, kutoka Wete kuelekea kisiwa cha Fundo. Katikati ya safari akajiambia, "Lo! Mimi si ninaota hapa!" Hakuamka. Akaamua kupinda kulia aende akakione kisiwa cha Njao.

Bibi hakushangaa hata kidogo. "Halua hiyo, mwanangu. Nilikwambia usile vipande vitatu usiku. Kungumanga yake kali."

Basi swali ni hilo. Kuna kitu cha kula, kunywa au kumeza ambacho kweli humtia mtu ndoto kali, au ndoto ambayo ndani yake unajua kuwa unaota? Vipo. Lakini kwa shangazi, nadhani bibi alimkamata asiyehusika. Mhusika alipita dirishani na ngoma yake saa tisa za usiku, akipiga kelele watu waamke wale daku.

Tuanze na usingizi wenyewe, maana hauko namna moja usiku kucha. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza kuwa kuna vipindi ambapo macho ya mtu aliyelala huchezacheza chini ya kope. Ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Cha mwanzo ni kifupi, cha kupepesa tu, lakini kadiri usiku unavyokwenda vinarefuka, na kuelekea alfajiri kimoja kinaweza kufika nusu saa na zaidi. Wazee wetu husema ndoto ya alfajiri ndiyo ya kuizingatia. Kama ni ya kweli au si ya kweli, hilo nawaachia wanaojua kufasiri. Kwamba ndiyo ndefu, mitambo ya maabara inakubaliana nao.

Katika kipindi hicho ubongo hufurika kemikali iitwayo asetilikolini, huku nyingine kama serotonini zikinyamaza. Misuli ya mwili nayo hulegezwa kabisa, isipokuwa ya macho na ya kuvutia pumzi, ili usije ukainuka ukapigana na unayemuota. Akili ikiwahi kuamka kabla mwili haujafunguliwa, ndipo mtu anajiona amekandamizwa kifuani, hawezi kupiga ukelele wala kunyanyua kidole. Hilo ndilo jinamizi. Waliokuwapo Pemba na Unguja mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, wanakumbuka watu wakilala nje makundi makundi, wamejikunyata, wakishtuliwa na kila jani lililoanguka. Watafiti kadhaa wameyafananisha masimulizi ya usiku ule na jinamizi, na mimi naongeza kuwa usingizi wa kukatikakatika namna ile ndio hasa unaolialika.

Hiyo asetilikolini ina kisa chake ambacho siwezi kukiruka. Aliyeonyesha kuwa mishipa ya fahamu hutumia kemikali kupelekeana habari ni Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi Graz, Austria. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, karibu na Pasaka, aliota jaribio zima. Akaamka, akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akalala. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku wa pili ndoto ikarudi, na safari hii hakuandika kitu, alitoka moja kwa moja akaenda maabara kujaribu kwa mioyo ya vyura wawili. Kemikali aliyoipata ndiyo hiyo hiyo inayofurika tunapoota, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa, ukitaka kuongeza ndoto kwa makusudi, mlango wa kuubisha ni huo. Kuna dawa iitwayo galantamini, ambayo kwanza ilipatikana katika ua dogo jeupe linalochomoza Ulaya baridi inapokaribia kwisha. Hupewa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa unaowaibia wazee kumbukumbu, kwa sababu huizuia asetilikolini isivunjwevunjwe haraka. Mwaka 2018 mtafiti wa Marekani, Stephen LaBerge, na wenzake walichapisha jaribio la watu 121 waliokuwa tayari na hamu ya ndoto za kujitambua. Kila mtu alilala kwa muda wa saa nne na nusu, akaamshwa, akameza kidonge, akakaa macho kama nusu saa, kisha akarudi kulala huku akijikumbusha kuwa akiota atambue kuwa anaota. Usiku wa kidonge kisicho na dawa, asilimia 14 walifanikiwa. Waliopata miligramu 4, asilimia 27. Miligramu 8, asilimia 42.

Wengi wakisoma hapo macho yao huganda kwenye 42. Mimi yaliganda kwenye 14. Watu hao hawakumeza chochote cha maana. Waliamshwa tu usiku wa manane, wakakaa kidogo, wakarudi kitandani na nia vichwani mwao.

Hebu uitazame ratiba ile, kisha utazame ya Ramadhani. Umemaliza tarawehe, umezungumza kidogo barazani, umelala saa nne au saa tano. Saa tisa ngoma. Unakula, unakunywa chai, unasubiri adhana, unaswali Alfajiri, unarudi kulala. Hapo umeingia katika ile sehemu ya usiku ambayo vipindi vya ndoto ni virefu kuliko vyote, na umeingia na akili ambayo imekwisha kuwashwa, bado ina joto. Watafiti wa Marekani walilazimika kuupanga usiku wa namna hiyo. Sisi tunapangiwa na mpiga ngoma wa mtaa, naye malipo yake ni ya Sikukuu.

Na asidhani mtu kwamba kujitambua ndotoni ni maneno ya shangazi tu. Mwaka 1975 Keith Hearne, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alikubaliana na mtu aitwaye Alan Worsley kuwa akijitambua ndani ya ndoto azungushe macho kushoto na kulia kwa mpango waliouafiki. Macho, kumbuka, hayalegezwi. Mashine ikaandika ishara ile mtu akiwa amelala fofofo.

Tumrudie mtuhumiwa wa bibi. Jina lake lenyewe linadanganya kidogo: kungu ya Manga, yaani kama tunda la mkungu lakini limetoka Manga, kwa Waarabu. Majahazi ya Waarabu yalihusika kuisambaza, lakini nyumbani kwao kungumanga ni visiwa vya Banda, Indonesia. Tunda likiiva hupasuka, ndani ukaona kokwa ya kahawia iliyovikwa wavu mwekundu wa basibasi, kitu kizuri kupita kiasi. Waongoza wageni kwenye mashamba ya viungo hupenda kuwaambia watalii kuwa wanawake wa Zanzibar huitia kwenye uji kabla ya harusi ili wasione haya kucheza. Watalii hucheka, hununua paketi.

Ndani yake mna kemikali ziitwazo miristisini na elemisini, na hizo haziko hapo bure. Katika karne ya 19 Jan Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki aliyependa kujijaribia dawa mwilini mwake, alikula kungumanga tatu nzima akazisukumia na divai. Alipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kisha furaha isiyo na sababu na kuona yasiyokuwepo. Lakini angalia kiasi: matatizo huanza kuonekana mtu akifika gramu 5 hivi, yaani karibu kokwa nzima kwa mtu mmoja. Hapo mdomo hukauka, moyo hukimbia, tumbo huchafuka, hofu huingia, na hali hiyo huweza kudumu siku nzima na zaidi. Sufuria ya halua inayolisha ukoo hutiwa kokwa chache zilizosagwa, na kipande chako kina chembe tu ya harufu. Vipande vitatu vilimpa shangazi sukari ya kutosha na kiu. Kungumanga aliyokula isingemrusha hata mpaka gatini.

Lakini shibe je? Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 uliwauliza wanafunzi 396 kama chakula hubadilisha ndoto zao. Chini ya mmoja kati ya watano walisema ndiyo, na waliolaumiwa zaidi ni maziwa na jamii yake. Tumbo lililojaa au linalouma hukuamsha mara kwa mara, na anayeamka katikati ya ndoto ndiye anayeikumbuka. Kahawa chungu hufanya hivyo hivyo. Kafeini huchukua kama saa tano nusu yake kutoka mwilini, kwa hiyo vikombe vya saa tatu usiku pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, Unguja, bado vinazungumza nawe saa nane, usingizi ukiwa mwepesi kama kitambaa cha leso.

Kuna samaki pia, na hapa mambo yanakuwa ya ajabu kweli. Katika bahari ya Mediterania yupo Sarpa salpa. Madaktari wa Ufaransa walieleza mwaka 2006 kisa cha mtu aliyemla mwaka 1994, akawa anaendesha gari huku akiona wanyama wanaopiga makelele na wadudu wakubwa wamemzunguka. Mzee mwingine, wa miaka 90, alimla mwaka 2002, akasikia vilio vya watu na ndege, na kuota ndoto za kutisha siku mbili mfululizo. Hawaii wako mkundaji ambao watu huonywa wasile vichwa vyao kwa sababu hiyo hiyo. Ukoo wa chafi, ambaye wengine humwita tasi, nao umo katika orodha ya samaki waliowahi kutajwa. Inadhaniwa sumu hutokana na mwani wanaokula, ikajikusanya kichwani na matumboni. Chafi huliwa Pemba kila uchao na watu wanalala usingizi wa kawaida; matumbo yake, yenye harufu na uchungu, hutupwa. Miiba yake ndiyo ya kuogopa.

Walioota ndoto nzito kuliko wote ninaowajua hawakula samaki wala halua. Walikuwa kwenye dawa. Efavirenz, iliyokuwa katika kidonge cha kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi kabla ya Tanzania kuhamia dawa ya dolutegravir, ilijulikana kwa ndoto zake, hasa wiki za mwanzo. Ilimezwa usiku na tumbo likiwa tupu, maana mlo wa mafuta huipandisha kwa wingi damuni. Mefloquine ya kukinga malaria, ambayo watalii wengi walikuja nayo, iliwekewa onyo kali Marekani mwaka 2013 kwa madhara yake akilini. Propranolol ya presha nayo huleta ndoto za kutisha kwa baadhi ya watu. Dawa ya namna hiyo ikikutesa usiku, mwambie aliyekuandikia aibadilishe. Kuiacha kimyakimya ni kujitafutia balaa. Na anayefikiri kujinunulia galantamini kwa ajili ya kuruka juu ya bahari ajue kuwa hupunguza mapigo ya moyo, hutapisha, na haiwafai wenye pumu.

Pombe na bangi hufanya kinyume: huzibana ndoto. Ndiyo maana anayeacha bangi baada ya miaka hushambuliwa na ndoto za kutisha wiki za mwanzo, ubongo ukidai deni lake. Baadhi huchukulia ndoto hizo kuwa wamerogwa wasiache. Vibandiko vya nikotini vya kuachia sigara, vikilaliwa mwilini usiku, navyo huchangamsha ndoto.

Kipo kimoja cha upole, vitamini B6. Jaribio la Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, lililochapishwa mwaka 2018, liliwapa watu miligramu 240 kabla ya kulala, siku tano. Walikumbuka ndoto zao zaidi, ila ndoto zenyewe hazikuwa na rangi zaidi wala vituko zaidi. Mwili wa mtu mzima unahitaji miligramu moja na kidogo tu kwa siku, na anayemeza viwango vikubwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, akaanza kupata ganzi miguuni. Jodari, ndizi na dengu zinatosha.

Ramadhani iliyopita shangazi aligundulika ana kisukari. Halua ikapigwa marufuku, hata ya kuonja, na yeye akanuna mwezi mzima. Kumi la mwisho, asubuhi moja, akatoka chumbani amefunga leso kichwani, anacheka peke yake. Bibi akamtazama kwa jicho la polisi.

"Umekula nini jana?"

"Tende tatu na chai ya mkandaa, mama. Lakini leo nimefika Fundo."