Kasha la Bibi Linakwenda kwa Nani?

Wiki haipiti bila mtu kupiga simu kuuliza kama makumbusho inanunua vitu vya zamani. Ukimdodosa kidogo, nyuma ya swali hilo pana nyumba inayovunjwa. Kariakoo, Magomeni na Ilala hapa Dar es Salaam, zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ua zinapisha maghorofa, na watoto wa mwenye nyumba wamepanga Tabata au wana apatimenti Upanga ambako samadari, kile kitanda kikubwa cha mzee, haipiti hata mlangoni. Basi anaitwa dalali, kirikuu, kile kigari cha mizigo, inaegeshwa barazani, na kabla ya magharibi kasha lililokuja na bibi siku ya harusi yake limeshauzwa kwa bei ya mbao.

Kazi yangu makumbusho ni kuhifadhi vitu vya mbao na shaba, lakini siku hizi nashindwa kuitenganisha na mambo ya mirathi.

Tuanze na hilo la makumbusho. Sisi si stoo. Kasha la misumari ya shaba lisilo na maelezo linapendeza, ila yako mengi mjini, na mengine yamechongwa juzi tu yakapakwa rangi ya kuyazeesha. Tunachouliza kwanza ni nani alilinunua, wapi, lini, na lilikaa nyumba gani. Familia nyingi hazina jibu, kwa sababu aliyekuwa analijua ameshazikwa.

Liko kasha moja nililowahi kulikagua, la droo tatu chini na kibweta, yaani kisanduku kidogo, ubavuni kwa ndani. Mjukuu alikuwa ameshakung'uta kila kitu, tayari kulisafisha. Ubao wa chini wa kibweta ulikuwa unacheza. Tukauinua polepole, tukakuta uwazi mwembamba, na ndani yake stakabadhi ya kodi iliyokunjwa mara nne, ina jina la babu yake na jina la mtaa. Makaratasi mengine ya droo za chini yalikuwa yameshakwenda jalalani asubuhi ile ile. Kwa hiyo kabla hujafuta vumbi, kagua. Toa droo zote, geuza kiti miguu juu, mulika mgongo wa kabati kwa tochi ya simu. Alama ya fundi, namba ya penseli au kipande cha gazeti kilichotandikwa kwenye droo ni ushahidi.

Kisha mrekodi mzee angali hai. Muulize mbele ya kitu chenyewe, maana akikigusa hukumbuka zaidi. Piga picha mbele, nyuma, chini, na pale mbao zinapoungana. Maelezo yaandike kwa penseli kwenye karatasi, uyatie kwenye bahasha, bahasha ikae ndani ya droo. Usibandike kwa gundi wala selotepu, zinaharibu polishi.

Nani apewe? Mazoea yanasema mtoto wa kwanza wa kiume. Mimi nasema apewe atakayekitumia. Kiti kinachokaliwa kila siku huonekana mapema kikianza kulegea, wakati kilichofunikwa turubai stoo huliwa na mchwa hadi kianguke. Muulize mtu kwa faragha, umpe nafasi ya kukataa, kwa sababu wengi hupokea kwa haya kisha wakauza kimyakimya. Na kuuza si dhambi. Ila mafundi wa Keko wanajua thamani ya ubao mpana wa mninga au mvule uliokauka miaka mingi, na anayekununulia kabati huenda anataka mbao zake tu. Uliza zaidi ya mnunuzi mmoja, na bahasha ya maelezo iende na kitu.

Kisheria, njia nyepesi ni kutoa ukiwa hai na kukabidhi. Kwa Waislamu, hiba, yaani zawadi ya mali anayotoa mtu akiwa hai, hukamilika mtoaji anapotoa, mpokeaji akakubali, na kitu kikakabidhiwa. Shangazi anayesema "kiti hiki cha Mwanaidi nikifa" huku bado anakikalia hajatoa hiba. Huo ni wasia. Nao wasia una mpaka wa theluthi ya mali, na hapewi mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Kwa sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wasia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuandika wasia na kuutunza.

Tatizo kubwa ni lile la arobaini. Dua ikiisha, kikao kinakaa, na kila mtu anabeba chake. Fenicha ya marehemu ni mali ya marehemu. Ateuliwe kwanza msimamizi wa mirathi na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, vitu viandikwe kwenye orodha ya mali, ndipo vigawiwe. Mjomba aliyewahi na gari hana haki zaidi ya wengine.

Kuna urithi wa kuogopa. Jino la tembo ukutani, ngozi ya chui, usinga wa mkia wa nyumbu, hata kiti chenye nakshi za pembe za ndovu: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hizo ni nyara za serikali. Kusema "nilirithi kwa babu" hakuchukui nafasi ya hati ya umiliki. Usimpe ndugu wala usipige picha ya kutangaza mtandaoni. Waone kwanza wahusika wa wanyamapori. Na Sheria ya Mambo ya Kale inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Ukivunja nyumba yenye mlango wa namna hiyo, au ndugu wa Muscat akitaka usafirishwe, kibali kitangulie.

Kitu kikifika kwa mwenyewe mpya, hatari ni kiyoyozi. Mbao iliyoishi miaka hamsini katika nyumba ya madirisha wazi imezoea unyevu wa Dar. Ukiileta ghafla chumba kinachopozwa usiku kucha, inapoteza maji na kunywea kwa upana wake, si kwa urefu, ndiyo maana uso wa meza hupasuka kufuata nyuzi. Iweke mbali na mdomo wa kiyoyozi. Ukiona unga laini chini ya miguu ya fenicha, huenda kuna wadudu hai. Itenge na fenicha nyingine. Na tafadhali, fundi asipitishe msasa. Polishi ya zamani ikishaondoka hairudi, na vanishi mpya ya kung'aa huficha hata alama tulizokuwa tunazitafuta. Kitambaa kikavu cha pamba, na nta ya nyuki kidogo mara moja kwa mwaka, vinatosha.