Stakabadhi mbili, mlango mmoja: simu inapokuwa na majibu ya uzito tofauti

Katika mtandao wa 5G, kila pakiti inayoshuka kutoka mnarani hadi kwenye kifaa hudai stakabadhi: nimeipata, au sikuipata, tuma tena. Stakabadhi hizo hupanda pamoja na maombi ya nafasi ya kutuma na ripoti za hali ya chaneli. Zote ni taarifa za udhibiti, na mara nyingi huangukia muda uleule. Kifaa hakiwezi kuzitoa zote kwa mpigo. Kipaza nguvu chake kwa kawaida hakizidi desibeli-miliwati 23, yaani takriban miliwati 200, na ukikilazimisha kutoa mawimbi mawili pamoja kwenye bendi moja, vilele vya mawimbi hupanda na ubora hushuka.

Katika Toleo la 15 la viwango vya 3GPP, muungano unaoandika kanuni za mitandao ya simu, dawa ilikuwa kutia stakabadhi zote za sloti moja (kipande kifupi cha muda) kwenye daftari moja, yaani orodha moja ya majibu inayotumwa kwa pamoja. Kwa mtu anayetazama video, hilo halina shida. Lakini fikiria mkono wa roboti kiwandani, unaotakiwa kupata baiti 32 ndani ya milisekunde 1 kwa uhakika wa asilimia 99.999. Stakabadhi yake ilikuwa ikisubiri foleni moja na ya video.

Toleo la 16 likaleta kitu ninachokipenda kwa urahisi wake: biti moja ya kipaumbele katika amri ya mnara. Sifuri ni kipaumbele cha chini, moja ni cha juu. Kifaa kikawa na madaftari mawili, na la juu likaruhusiwa kugawanya sloti yenye simboli 14 (vipande vidogo zaidi vya muda wa kutuma) katika mafungu vya simboli 7 au hata 2. Stakabadhi zikigongana, yaani zikiangukia simboli zilezile, ya chini inakatizwa kabla ya simboli ya kwanza ya mgongano.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza, na nimewahi kukesha na faili la kumbukumbu za majaribio kwa sababu hiyohiyo. Utaratibu una hatua mbili: kwanza unasuluhisha migongano ya kipaumbele kimoja, kisha ndiyo unalinganisha ya juu na ya chini. Chukua ombi la nafasi la kipaumbele cha juu, umbizo la 1 (mojawapo ya miundo ya kutumia taarifa za udhibiti), kwenye simboli ya 1 hadi ya 6, tukihesabu kuanzia sifuri. Stakabadhi ya juu, umbizo la 0, iko simboli ya 5 na ya 6. Stakabadhi ya chini iko simboli ya 0 hadi ya 3. Kwa haraka utasema ombi limegonga stakabadhi ya chini, kata. Lakini ukianza na zile mbili za juu, ombi linaingia ndani ya stakabadhi kwa kubadilisha tu mzunguko wa mfuatano wake, yaani pale mfuatano wa ishara unapoanzia, na kinachobaki hewani ni simboli ya 5 na ya 6. Mgongano umeyeyuka. Programu niliyokuwa nikiikagua ilianza na hatua ya pili, ikawa inaua stakabadhi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Na kuua stakabadhi si jambo dogo, hata ikiitwa ya kipaumbele cha chini. Pale ambapo kupanda na kushuka hupokezana kwenye masafa yaleyale, sloti saba za kushuka zinaweza kujibiwa kwa daftari moja. Likikatizwa, mnara hausikii kitu. Haujui kama pakiti zilifika, kwa hiyo unazituma tena zote, maelfu na maelfu ya biti, kwa kukosa biti chache za jibu. Ajabu ni kwamba kifaa kilikuwa nazo tayari.

Ndiyo maana naliona Toleo la 17 kuwa hatua kubwa zaidi. Mnara ukiruhusu, stakabadhi ya juu na ya chini hupanda pamoja kwenye rasilimali ya ile ya juu, yaani nafasi yake ya muda na masafa. Jambo la msingi ni kwamba zikizidi biti mbili kwa jumla, kila moja husimbwa peke yake, yaani hupewa biti zake za ziada za kuikinga na makosa. Kwa nini zisisimbwe pamoja? Biti 2 za roboti zikichanganywa na 20 za video, ama utazilinda zote 22 kwa kiwango cha roboti na kumaliza rasilimali, ama utaishusha roboti hadi kiwango cha video. Tena kifaa kikikosa amri moja ya video, kitahesabu biti pungufu, mnara utasimbua kwa urefu usio sahihi, na jibu la roboti litaharibika kwa kosa lisilo lake. Zikisimbwa kila moja peke yake, kila upande hupewa kiwango chake cha ulinzi. Ripoti za chaneli za kipaumbele cha chini zinaachwa. Hizo zitakuja tena.

Je, niruhusu uchanganyaji kwa kila kifaa? Hapana. Kifaa kilicho ukingoni mwa eneo la mnara kimeshafika kikomo cha nguvu. Ukikiongezea biti, nguvu ileile inasambazwa kwenye masafa mapana zaidi, na stakabadhi ya juu ndiyo inayodhoofika. Kwa bahati nzuri mpangilio huu huwekwa kwa kila kifaa peke yake. Kwa vile vya ukingoni naacha ukatizaji uendelee, kisha natumia nyongeza nyingine ya Toleo la 17: mnara unadai lile daftari lililokatizwa, na kifaa kinalituma upya bila data yenyewe kurudiwa.