Nairobi hadi New York: kilomita ni zilezile, saa ndizo zinazobadilika

Watu wakijua kwamba napanga njia na mafuta ya ndege, huniuliza: Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi? Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York, ni takriban 11,830. Gawanya kwa 900, kilomita ambazo ndege ya Boeing 787 huenda kwa saa moja ikiwa juu, upate saa 13 na ushei. Ila Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilisema saa 15 kwenda na kama 14 kurudi.

Kwanza, kilomita zenyewe. Chukua tufe la dunia la shuleni, uvute uzi kati ya miji hiyo miwili. Kwenye ramani ya ukutani, mstari ulionyooka unakatiza Nigeria, Mali na Mauritania. Uzi unakwenda kaskazini zaidi: Sudan Kusini, unagusa Darfur nchini Sudan, Chad, jangwa la Algeria, kisha unatokea Morocco na kuingia Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi, na ndege haiifuati ilivyo. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa, ikabidi njia nyingi zichorwe upya.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo kazi yangu ilipo hasa. Juu ya Atlantiki ya kaskazini mkondo mkali wa upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu majira ya baridi ya huko. Ukienda New York unakuja usoni; ukirudi unakusukuma. Wastani wa kilomita 50 kwa saa dhidi yako njia nzima unakula kama dakika 45. (Wapo wanaosema tofauti hiyo inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Hapana: hewa nayo inazunguka pamoja na dunia.)

Ratiba nayo haihesabu muda wa angani peke yake. Inaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi itakaposimama upande wa pili, pamoja na foleni za JFK.

Kinachoniumiza kichwa zaidi, na abiria hakioni, ni mwinuko. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupata nguvu pungufu, kwa hiyo uzito wa kuruka nao una kikomo, hata kama njia ya kurukia inazidi kilomita 4. Siku upepo wa mbele ni mkali nahitaji mafuta zaidi, na tani ya mafuta ikiingia, tani ya mizigo inaweza kubaki chini. Kuondoka usiku kunasaidia, maana hewa ya baridi ni nzito. JFK iko mita 4 tu juu ya bahari, na upepo wa kurudi uko mgongoni; karatasi ya safari hiyo naimaliza mapema.