Mfumo wa pamoja wa skripti za umeme kwenye kompyuta mpakato

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, hailazi mashine kwa mambo mengi: neno `mem` likiandikwa kwenye `/sys/power/state`, kompyuta inalala. Taabu iko kabla na baada ya hapo. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi haiamki, skrini inabaki nyeusi, na kila modeli ina ugonjwa wake. Mfumo wa pamoja wa skripti, yaani faili za amri zinazojiendesha, ni mpango wa kuandika tiba hizo mara moja kwa mashine zote, huku tofauti za kila mashine zikikaa kwenye faili la mipangilio.

Mfano mzuri ni pm-utils, mkusanyiko wa zamani wa skripti za kulaza na kuamsha mashine za Linux. Skripti za jumla zilikaa `/usr/lib/pm-utils/sleep.d`, zako `/etc/pm/sleep.d`. Majina yakifanana, ya `/etc` ndiyo inayotumika. Na ikiwa haina ruhusa ya kuendeshwa, skripti hiyo imezimwa. Kwa njia hii hugusi faili la mfumo, na sasisho halifuti kazi yako. Wenye chipu ya Wi-Fi ya Broadcom inayosumbua waliandika mstari mmoja tu wenye jina la draiva yake, kwenye faili ndani ya `/etc/pm/config.d`:

`SUSPEND_MODULES="b43"`

Namba iliyo mwanzoni mwa jina ndiyo inayopanga zamu. Wakati wa kulala, `55NetworkManager` inasimamisha mtandao, `75modules` inaondoa draiva, `99video` inashughulikia skrini. Wakati wa kuamka zamu inageuzwa: draiva inarudi kwanza, ndipo mtandao unawashwa. Bila kugeuza, mtandao ungetafuta kifaa ambacho bado hakipo.

Skripti hupewa neno `suspend` (usingizi wa kawaida) au `hibernate` (kumbukumbu ikihifadhiwa kwenye diski) mashine ikienda kulala, `resume` au `thaw` ikiamka. Ikirudisha kosa kabla ya kulala, mashine hailali kabisa. Hapo ndipo wengi hukwama: kifaa hakipo, skripti inatoka na 1 (alama ya kosa), na kompyuta inachemka ndani ya begi. Kifaa kisipokuwepo, toka na 0 (alama kwamba yote ni sawa). Chanzo cha kosa hutafutwa kwenye `/var/log/pm-suspend.log`.

Skripti za `power.d`, folda nyingine ya pm-utils, hupewa `true` mashine ikitumia betri, `false` ikiwa kwenye umeme. Ukikagua chaja mwenyewe, usiandike njia ya `/sys/class/power_supply/AC/online` moja kwa moja, kwa sababu kwingine jina ni `ADP1` au `ACAD`. Soma faili la `type` katika kila folda na utafute `Mains`.

Leo kazi hii imechukuliwa na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo kwenye Linux nyingi, na skripti za `/etc/pm` hupuuzwa kimyakimya mfuniko unapofungwa. Hamishia zako `/usr/lib/systemd/system-sleep`, ambako hupewa `pre` au `post`, kisha aina ya usingizi. Lakini huko zote huendeshwa kwa pamoja, kwa hiyo namba kwenye jina hazipangi chochote. Hatua zinazotegemeana ziweke ndani ya skripti moja, na upande wa `post` uzipange kinyume wewe mwenyewe.