Gofu ya jangwani: tunayoyaamini Mombasa na yaliyo kweli

"Aliyezoea joto la Mombasa, jangwa halimtishi." Dhana hii ndiyo ninayoihofia zaidi, maana huumiza watu. Kwetu hewa imejaa unyevu. Jasho halikauki, shati hugandana na mgongo, ukakumbuka maji. Scottsdale, kule Arizona, Marekani, hewa ni kavu na jasho hukauka papo hapo. Unafika shimo la tisa ngozi kavu, ukijiona mzima, kumbe maji yamekwisha mwilini. Kunywa kila shimo, usingoje kiu.

Nyingine nimeisikia kwa makedi, wale wabeba fimbo, na kwa wachezaji wa miaka mingi: eti hewa ya Pwani ni nzito kwa unyevu, ndiyo maana mpira hauendi. Ni kinyume. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko naitrojeni na oksijeni, kwa hiyo katika joto lilelile hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Jangwani mpira huruka mbali kwa sababu ya joto, na kwingine kwa mwinuko wa ardhi. Kinachotunyang'anya masafa hapa ni upepo, hasa kusi likivuma. Tena jangwa lina asubuhi za baridi: fimbo iliyokufikisha saa nane mchana huenda isikufikishe saa moja asubuhi.

Je, uwanja mzima ni mchanga? Hapana. Uwanja wa Majlis, Dubai, uliofunguliwa 1988, ni wa nyasi. Arizona nyasi ni kama visiwa, na kati yake kuna changarawe na vichaka. Ni kama kivuko cha Likoni: ufike ng'ambo, au usiondoke. Ndiyo maana mwenye shabaha humshinda mwenye nguvu.

Kwenye sheria ndiko tunakopoteza mikwaju ovyo. Mchanga wa asili si banka, yaani shimo la mchanga lililotengenezwa makusudi uwanjani. Unaruhusiwa kugusisha fimbo chini na kufanya pigo la majaribio, mambo ambayo kwenye banka yana adhabu. Na mpira ukikwama kwenye dungusi kakati, usidhani utausogeza bure. Nyoka mwenye sumu au nyuki karibu na mpira watakupa nafuu bila adhabu, miiba haikupi. Ukiona haupigiki, kubali adhabu ya mkwaju mmoja.

Mpira uliotumbukia chini ya kichaka usiufuate kwa mkono. Chungulia kwanza, uvute kwa fimbo, au uuache hapo hapo.